Jiko Lililofunikwa Kitenge

Chenza zikianza kuingia sokoni, sihitaji mtu aniambie kwamba joto la Durban limekatika. Vitabu vyetu vya shule vilieleza majira haya kwa picha za majani mekundu yanayopukutika, lakini miti ya mtaa wetu wa Albert Park haikuwa imesoma vitabu hivyo. Kwetu kilichobadilika kilikuwa upepo wa asubuhi, mapera yaliyoiva kupita kiasi kwenye meza za akina mama wa barabarani, na harufu ya maganda ya chenza kwenye vidole vya watoto.

Wiki iliyopita nilikaa kwenye meza ya mama yangu, nikaparuza ganda la chenza juu ya bakuli la karanga zilizopondwa na tende, nikaanza kuviringa vitonge. Nilitengeneza vingi, kwa sababu wageni walikuwa njiani. Mikono yangu inaijua kazi hiyo bila kuniuliza. Harufu ilipopanda tu, nikarudi kuwa mtoto wa darasa la tatu aliyejua kila kitu.

Nasema nilijua kila kitu, na sioni aibu kusema hivyo. Mtoto wa kwanza katika nyumba ya watu waliohamia hujifunza mapema. Mimi ndiye niliyezungumza Kizulu na mama muuza nyanya, mimi ndiye niliyemweleza mama maneno ya mwalimu, mimi ndiye niliyejua taksi ipi inapita Jacobs na ipi inageukia kwenye robot, zile taa za barabarani, kabla ya kufika. Mdogo wangu Elia alikuwa bado anatambaa, na baba alikuwa barabarani. Kwa hiyo kwa hesabu yangu nyumba ile ilikuwa na watu wazima wawili, mama na mimi, na siku nyingine sikuwa na hakika kama mama ndiye mkubwa.

Baba alikuwa dereva wa lori. Malori yao yalilala kwenye yadi moja kule Clairwood, na kutoka huko yalipanda kaskazini, Zimbabwe, Zambia, mpaka Lubumbashi. Kila alipofika mpakani alipiga simu, na swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Mmekula?" Hakuuliza kama tu wazima. Kwake mtu aliyekula ni mzima, na aliyekuwa mgonjwa basi atakula kesho. Mama aliweka simu mezani, sauti wazi, na mimi nikamtajia vyote, wali, mchicha wa lenga-lenga, maharage, hata chumvi ikizidi nilimwambia. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bon. Basi nitalala vizuri."

Jengo letu lilikuwa la ghorofa nyingi, na lilijaa watu wa kwetu. Kulikuwa na Warundi kama sisi, kulikuwa na Wakongo wa Bukavu na Uvira, na mlango wa pili aliishi Anti Zubeda, Mwislamu aliyezaliwa hapahapa Durban, ambaye wazee wake walitoka Afrika Mashariki zamani sana. Kiswahili chake alikichanganya na Kizulu na Kiingereza jinsi anavyochanganya viungo vya pilau, kwa mkono tu, bila kupima.

Katika jengo lile kifo kilikuja kwa simu. Mama wa mtu amefariki Bujumbura, kaka wa mtu ameanguka Goma, na huyu wa Durban hawezi kwenda kuzika, kwa sababu hati zake hazimruhusu au nauli haipo. Basi msiba ulikaliwa hapahapa. Godoro lilishushwa sakafuni, viatu viliachwa mlangoni, na jiko lilizimwa na kufunikwa kitambaa. Mwenye msiba hakupika. Majirani ndio walioleta masufuria, wakakaa chini naye bila maneno mengi. Nani aliyeileta desturi ya kulifunika jiko, wa Bukavu au wa Bujumbura, hakuna aliyejua. Ila wote waliifuata, Wakristo kwa Waislamu, na mtoto yeyote wa jengo lile akiona jiko limefunikwa alijua ashushe sauti.

Wiki ninayoikumbuka, simu ya baba haikulia. Alikuwa ameondoka na mzigo wa Lubumbashi, akapiga mara moja kutoka barabarani, halafu kimya. Mama alisema mtandao ni mbaya huko mipakani. Alisema hivyo asubuhi na jioni, kabla hata sijamuuliza.

Kisha asubuhi moja niliamka nikakuta jiko letu limefunikwa.

Lilikuwa jiko dogo la umeme, la sahani mbili, lililokaa juu ya kabati karibu na dirisha. Juu yake mama alikuwa ametandika kitenge chake cha zambarau, kile cha kanisani, amekikunja kingo zake vizuri. Dirisha lilikuwa wazi na upepo wa baridi ukiingia. Kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, Elia mgongoni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Harufu ya nini?" nikauliza.

"Mshumaa," akasema. Halafu akasema, "Furaha, wiki hii hatuwashi moto."

"Kwa nini?"

"Tutakula chakula cha afya. Hata nesi wa kliniki alisema tupunguze mafuta."

Nesi alikuwa amesema hivyo kweli, lakini miezi ilikuwa imepita na mama alikuwa amekaanga mandazi siku ileile tuliyotoka kliniki. Nikamwangalia. Hakuniangalia.

"Na usiende kusema huko nje," akaongeza. "Mambo ya jiko letu ni yetu."

Basi nikaelewa. Jiko limefunikwa, macho mekundu, simu imenyamaza, mama anasingizia nesi. Mtu mzima yeyote angeelewa. Baba alikuwa amekufa, na mama alikuwa anatafuta namna ya kuniambia.

Sikulia. Nataka hilo lijulikane. Niliamua palepale, nikiwa bado na nguo za kulalia, kwamba mama asingebeba jambo lile peke yake, na kwamba nisingemlazimisha kulisema kabla hajawa tayari. Ndani yangu kulikuwa na jambo lingine pia, na lenyewe lilikuwa na nguvu zaidi. Maadamu hakuna aliyelisema kwa mdomo, baba alikuwa bado kidogo yupo. Nilimtaka arudi. Nikanawa uso, nikauliza, "Basi tunakula nini?"

"Njoo nikuonyeshe," mama akasema.

Hapo ndipo tulipotengeneza vitonge kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa na karanga zilizokaangwa tayari, alizonunua kwa mwanamke wa stendi ya taksi. Kinu hatukuwa nacho, maana watu wa chini wangepanda kugombana. Akazimimina karanga kwenye mfuko safi wa kitambaa, akanipa chupa ya juisi iliyojaa maji, nikawa naipitisha juu yake huku na huku mpaka zikapondeka, nyingine unga, nyingine vipande vya kutafuna. Tende zilikuwa pakiti aliyotupa Anti Zubeda iliyobaki baada ya mfungo. Tulizitoa kokwa, tukazilaza kwenye maji kidogo ndani ya gudulia la kioo, tukaliweka dirishani palipopiga jua. Zilipolainika mama akazivuruga kwa uma, akaongeza oti mbichi zile za uji, akaongeza karanga zangu. Mwisho akachukua chenza, akaparuza ganda lake juu ya bakuli, kidogo tu, lile la rangi bila nyeupe yake chungu.

Chumba kizima kikabadilika harufu. Ile ya kuungua ikaondoka.

"Lowesha viganja," mama akasema. "Usibane sana. Ukibana, mafuta ya karanga yanatoka na kitonge kinakuwa kigumu. Ukilegeza, kinavunjika mfukoni. Kiviringe kama unambembeleza mtoto."

Vyangu vya mwanzo vilitoka na pembe. Mama hakuvikataa. Alivigaragaza kwenye nazi kavu pamoja na vyake, akavipanga kwenye sahani, akaviingiza kwenye friji. Vilipotoka vilikuwa vimeshikana, baridi, na ukiuma ulikutana kwanza na nazi, halafu utamu wa tende, halafu ile chenza ikaja mwisho, puani zaidi kuliko mdomoni. Sijala kitu kizuri kuliko kile, na nilikuwa nakila nikiamini kwamba ni chakula cha msiba wa baba yangu. Nilijisikia vibaya kwamba ni kitamu.

Siku zilizofuata tulikula hivyo. Asubuhi oti zilizolala kwenye maziwa ya mgando, na tufaa lililoparuzwa juu yake. Mchana shuleni, vitonge. Jioni mkate na parachichi lililopondwa na ndimu, au ndizi iliyopasuliwa katikati na kupakwa karanga, na mapera tuliyoyakata na kuyanyunyizia chumvi. Mama aligundua kitu kipya kila siku, na naweza kusema sasa kwamba alianza kujisifu. "Hakuna mafuta hata tone," alisema, akimlisha Elia parachichi. "Hakuna sukari. Waone wazungu wa kwenye televisheni." Mimi nilimtazama, nikawaza, maskini mama, anajikaza.

Na alama ziliongezeka. Siku moja nilitoka shule nikamkuta amelitoa koti zito la baba kabatini, amelifua, amelianika kwenye reli ya dirishani. Baridi ilikuwa inakuja, na kila mwaka wakati huo mama alifua makoti yote. Langu lilikuwa limening'inia palepale pembeni. Mimi niliona la baba tu. Nilimwona mama akilishika mkono wa koti lile kujua kama limekauka, akauinua akaunusa, akasimama hivyo kwa muda. Nikaenda bafuni nikafungua bomba ili maji yapige kelele.

Usiku niliomba kulala naye. Alinikubalia bila neno, na hilo nalo nikaliona ni ushahidi.

Kisha Anti Zubeda akagonga mlango. Alikuja kuchukua bakuli lake, lile alilotuletea nalo pilau ya Idi. Mama alikuwa anamwogesha Elia, kwa hiyo nilifungua mimi. Anti Zubeda alikuwa mrefu, mwenye mtandio siku zote na kandambili za manyoya, na alikuwa na tabia ya kuingia mlangoni akisema.

"Furaha, shame, siku hizi sisikii hata kitunguu kwenu, mnapika saa ngapi?"

Halafu akaliona jiko. Kitenge cha zambarau kilionekana vizuri kutoka pale mlangoni.

Mimi nilikumbuka agizo la mama, nikafunga mdomo. Nilisimama wima mbele yake, midomo nimeibana, na kwa jinsi ninavyojijua nilikuwa nimevaa uso wa mtu anayebeba jambo kubwa kwa heshima.

"Baba amepiga simu?" akauliza, sauti ikiwa imeshuka.

"Bado, Anti."

"Tangu lini?"

Sikujibu. Akanishika kichwa kwa kiganja chake kizima, akakishikilia, halafu akageuka akaondoka bila bakuli lake. Nilifunga mlango nikiwa najivunia. Siri nilikuwa nimeitunza, sikusema neno hata moja.

Jumamosi mchana mama na mimi tulikuwa mezani, viganja vyetu vimejaa karanga na tende, Elia amekaa chini akila kipande cha pera. Mlango ukagongwa taratibu. Mama akasema karibu. Mlango ukafunguka, na wakaingia.

Anti Zubeda alikuwa mbele na sufuria la wali. Nyuma yake Mama Deo, mwanamke wa Bukavu aliyekaa ghorofa ya juu yetu, na sufuria la maharage limefungwa kitambaa. Nyuma yao wanawake wengine wa jengo, Warundi wa kanisani kwetu, mmoja na ugali, mmoja na thermosi ya chai. Wote walikuwa wamejifunga vitambaa kichwani. Waliacha viatu mlangoni. Waliweka masufuria ukutani, wakakaa sakafuni mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyesema kitu.

Mama aliwatazama, viganja bado juu.

"Pole sana, ma chère," Mama Deo akasema. "Tumesikia."

"Mmesikia nini?"

Mama Deo akainamisha kichwa. Mwanamke wa thermosi akaanza kuimba wimbo wa kanisani, chini kwa chini.

Niliuona uso wa mama ukibadilika, na huo ndio uso ninaoukumbuka kuliko nyuso zake zote. Aliwatazama, akayatazama masufuria, akavitazama viatu mlangoni. Alijua, kama mtu yeyote wa jengo lile, maana ya viatu vile. Siku zote hizo alikuwa amejiambia mtandao ni mbaya, na sasa watu walikuwa wamekuja kumwambia vingine.

"Nani amewapigia?" akauliza. "Mana yanje, Mungu wangu. Nani amewapigia simu?"

Akashuka chini taratibu akiwa ameshika mguu wa meza, akalia kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Na mimi, niliyekuwa nimebana wiki nzima, nikaachia. Elia akaona tunalia, naye akaanza. Wanawake wakatuzunguka. Mama Deo alimkumbatia mama, karanga za viganja vyake zikampaka mgongoni, na wote tukalia, chumba kizima, kwa moyo mmoja.

Anti Zubeda ndiye aliyekuwa wa kwanza kufuta macho. Yeye alikuwa mtu wa mipango. "Mama Furaha, samahani kukuuliza," akasema. "Mwili iko wapi? Wanamleta, ama wanazika huko?"

Mama akainua kichwa. "Mimi nitajuaje? Si ninyi mliopata habari?"

"Sisi?"

"Mmesema mmesikia."

"Tumesikia kwa Zubeda," Mama Deo akasema.

Macho yote yakamgeukia Anti Zubeda. "Eish, msiniangalie hivyo," akasema. "Mimi nimeona jiko. Jiko imefunikwa, mtoto amesimama hapo kama jeneza imepita, baba hajapiga simu. Ningefikiri nini?"

Mama akainuka, akaenda kwenye kabati, akakivuta kitenge. Sahani moja ya jiko ilikuwa imepasuka, na waya nyuma yake ulikuwa umeyeyuka ukawa mweusi mpaka ukutani.

"Liliungua nikipasha maziwa ya Elia," akasema. "Msimamizi wa jengo ameapa kwamba atakayeharibu waya tena atatoka. Ndiyo maana nikanyamaza. Nililifunika ili mtoto asiguse."

Hapo ndipo watu wangepaswa kucheka, na mpaka leo anayesikia kisa hiki hucheka hapo. Lakini pale hakuna aliyecheka. Kwa sababu baba alikuwa bado hajapiga simu. Walikuwa wamekuja kumfariji mama kwa kifo ambacho hakuna aliyekijua, na sasa neno lilikuwa limeshasemwa ndani ya chumba kile na hakuna aliyeweza kulitoa. Niliwatazama watu wazima wote wale, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona kwamba hawajui. Mimi nilikuwa nimejua wiki nzima, na kumbe sikujua.

"Namba ya yadi," Anti Zubeda akasema, akitoa simu yake.

Mama akamtajia. Ikalia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena. Safari hii mlinzi wa getini akapokea, akasema ofisi imefungwa mpaka Jumatatu. Anti Zubeda akazungumza naye Kizulu kile cha watu waliozaliwa hapa, cha heshima na amri kwa pamoja, na mlinzi akasema atawauliza madereva waliorudi jana, asubiri atapigiwa.

Tukasubiri. Simu iliwekwa katikati ya meza, karibu na bakuli. Masufuria yalikuwa yanapoa ukutani na hakuna aliyeyagusa, maana kula kungekuwa na maana gani? Ukila chakula kile umekubali. Mama Deo akalitazama bakuli.

"Hivi vitu ni vya nini?" akauliza.

"Vya mtoto kwenda navyo shule," mama akasema. Sauti yake haikuwa na nguvu.

"Mi naona unaviringa tu, hakuna moto?"

"Hakuna."

Mama Deo akanawa mikono, akachota, akaviringa. Anti Zubeda akavuta kiti. Mwanamke wa thermosi akasogea. Hatimaye wote walikuwa wamezunguka meza ile, wakiviringa bila kusema, na mimi nilipita katikati yao na kikombe cha maji ili waloweshe viganja. "Msibane sana," nikawaambia. Walinitii. Hakuna aliyemwangalia mama, na hakuna aliyeiangalia simu, lakini nilijua kila sikio pale lilikuwa juu ya meza.

Simu ikalia. Mlinzi alikuwa amepata namba ya dereva aliyekuwa kwenye foleni moja na baba. Anti Zubeda akaipiga, akaweka sauti wazi. Tulisikia upepo, tulisikia injini, tulisikia mwanamume akiita jina la baba kwa mbali. Kisha miguu ikitembea kwenye kokoto.

"Allo?"

Ilikuwa sauti yake.

"Allo? Mama Furaha? Iko nini?"

Wanawake wote walikuwa wameinamisha vichwa, vitonge mkononi. Mama akashika meza kwa mikono miwili.

"Hakuna kitu," akasema. "Umekula?"

Nadhani baba alisikia kitu katika swali lile, kwa sababu lilikuwa lake.

"Nimekula mkate," akasema polepole. "Simu yangu ilianguka, lori likapita juu yake. Foleni hapa imekwama. Si niliwaambia watu wa ofisi wakupigie?"

"Hawakupiga."

"Na ninyi? Mmekula?"

"Ndiyo kwanza tunataka kula," mama akasema, na hapo ndipo akaanza kucheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa kunalia.

Masufuria yakafunguliwa. Sijaona watu wakila vile. Mama Deo alilitazama lile jiko, akapiga paja. "Mume wangu anatengeneza friji za watu mtaa mzima," akasema, "jiko la sahani mbili ndilo litamshinda?" Kesho yake mumewe alikuja na begi lililojaa nguo juu na vyuma chini, akapita mbele ya msimamizi akimsalimia kwa adabu, na jioni tulikunywa chai ya moto. Lakini vitonge havikuondoka. Baba aliporudi alikula sahani nzima akiwa bado amesimama, na tangu hapo hakupanda lori bila kopo lake. Alisema hakuna chakula cha barabarani kama kile, hakichachi, hakihitaji moto, na hakimfanyi dereva asinzie. Wenzake wa foleni walikiita dawa ya Beitbridge, kwa jina la mpaka wa Zimbabwe.

Mzaha nao haukuondoka. Tangu Jumamosi ile, hakuna mtu wa jengo letu aliyeingia kwenye msiba bila kwanza kuuliza mlangoni: "Jiko limeharibika?" Waliuliza hivyo pia wakikukuta umenuna, au umefungua dirisha siku ya baridi. Anti Zubeda ndiye aliyetaniwa zaidi, na yeye ndiye aliyeuliza zaidi.

Baba aliendesha mpaka magoti yalipokataa, halafu akakaa nyumbani na mama, katika fleti ileile, akiwauliza wajukuu kama wamekula. Alikuwa mtu aliyependwa, na alijua hivyo. Wiki iliyopita, asubuhi, mama alinipigia simu. Nilifika kabla Elia hajafika. Alipokuja, tulishusha godoro pamoja, tukamkalisha mama, halafu mimi nikafungua kabati nikatafuta kile kitenge cha zambarau. Kimepauka sana, lakini kinatosha jiko.

Mwenye msiba hapiki. Ila vitonge si kupika, na chenza zilikuwepo mezani, baba mwenyewe ndiye aliyezinunua. Kwa hiyo nilikaa nikaviringa, bila kubana sana, mpaka niliposikia hatua kwenye korido na fimbo ikigonga sakafu.

Nilifungua. Anti Zubeda amezeeka, mgongo wake mrefu umeinama, na sufuria lilikuwa limebebwa na mjukuu wake nyuma. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, akalitazama jiko lililofunikwa, kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba anataka sana, kwa moyo wake wote, nimjibu vingine.

"Furaha," akasema. "Jiko imeharibika?"

"Hapana, Anti," nikasema. "Jiko ni zima."

Akatikisa kichwa taratibu, akashika bega langu, akaanza kuvua viatu.